Kuku, Panya na Neno “Kuenea”: Istilahi za Utafiti wa Saratani ya Ovari

Utangulizi

Hivi karibuni mwandishi wa makala haya alikuwa likizoni nyumbani kwao Bulyaga, katika mji wa Tukuyu, wilayani Rungwe. Mwalimu mmoja wa biolojia, kwa kuwa anajua kwamba kazi yetu ni istilahi, alimletea karatasi ya kurasa mbili iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya elimu ya afya. Ndani yake mlikuwa na sentensi hii: “Wanyama wa mfano, hasa kuku na panya, wametumika kuchunguza kuenea kwa saratani ya mfuko wa mayai.”

Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, wala hapana neno moja ndani yake ambalo Mswahili hajapata kulisikia. Hata hivyo, iliposomwa uani mbele ya watu wachache, kila mmoja aliifahamu kwa namna yake. Mama mmoja mfugaji aliuliza, “Mwanangu, kumbe hawa kuku ndio wanaoeneza saratani kwa mayai yao? Na wajukuu zangu wanakula mayai kila siku!” Mama wa pili alisema kwamba habari hiyo haimhusu, maana mwaka uliopita alikwenda kupimwa, akaambiwa kizazi chake ni safi. Mwalimu mwenyewe alikiri kuwa aliwaambia wanafunzi wake kwamba “wanyama wa mfano” ni sanamu za plasta kama zile za maabara.

Mambo haya yangeweza kuwa ya kuchekesha tu. Lakini katika nyumba ya jirani alikuwamo mama aliyekuwa akiugua ugonjwa huohuo. Wiki ile karatasi iliposomwa, watoto wa nyumba mbili walikatazwa kula kwake. Hakuna aliyekusudia kumwonea mgonjwa. Walitii walichodhani wamekisoma. Kwa hiyo kosa la mfasiri lilitoka katika karatasi likafika katika sahani ya chakula.

Makala haya yanaichukua sentensi ile na kuipima neno baada ya neno. Hapana budi kwanza kulieleza jambo lenyewe, kwani istilahi isiyotanguliwa na ufahamu wa kitu inachokitaja ni jina tupu.

Jambo lenyewe

Mwanamke ana ovari mbili, kila moja yenye ukubwa upatao lozi, zilizomo ndani ya nyonga, moja kila upande wa mji wa mimba. Kila ovari inakaribiana na ncha ya mrija wa uzazi, yenye vidole vidole vya kulipokea yai la uzazi linapotoka. Jambo la kushika ni kwamba ovari na ncha hiyo ya mrija hazikufungiwa ndani ya chombo chochote. Ziko wazi katika uwazi wa tumbo, pamoja na utumbo, ini, na tando zinazovifunika viungo hivyo.

Saratani ni hali ya seli za mwili kuacha kutii utaratibu wa kuzaliana na kufa. Saratani nyingi husafiri kwa mishipa ya damu au ya limfu. Saratani ya ovari nayo yaweza kufuata njia hizo, lakini ina njia yake iliyo karibu zaidi. Seli zake hupukutika kutoka pale zilipoota, zikaelea, aghalabu kwa vifungu, katika majimaji ya tumboni, kisha zikatua na kushika juu ya utando wa tumbo, juu ya matumbo, chini ya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, na hasa juu ya utando wenye mafuta unaoning'inia mbele ya matumbo. Hapo humea. Mara nyingi tumbo hujaa maji.

Ndiyo sababu wanawake wengi hugunduliwa ugonjwa ukiwa umekwisha kutoka nyongani. Dalili zake za mwanzo ni za kawaida mno: tumbo kujaa, kushiba upesi, maumivu ya tumbo au nyonga, na kukojoa mara kwa mara. Hadi leo hakuna kipimo cha kuwapima wanawake wote wasio na dalili ambacho kimethibitika kupunguza vifo. Uchunguzi mkubwa wa Uingereza uliowahusisha wanawake zaidi ya 200,000 ulitoa matokeo yake ya mwisho mwaka 2021, na vifo havikupungua kwa sababu ya kupimwa.

Maadamu mwanamke huja hospitali safari ya seli hizo ikiwa imekwisha kufanyika, mganga haioni safari yenyewe. Anaona mwisho wake tu. Na hakuna mtu anayeweza kumtia mwanamke seli za saratani ili atazame ziendako. Hapa ndipo wanyama wanapoingia katika utafiti.

“Mfuko wa mayai”

Neno la kwanza la kupimwa ni “mfuko wa mayai”. Kasoro yake ya kwanza ni kwamba ovari si mfuko. Ni kinyama kigumu kiasi, ambacho ndani yake mayai ya uzazi hukomaa. Kasoro ya pili ni wingi wa mifuko. Tunao mfuko wa uzazi, mfuko wa mimba na mfuko wa mayai, na katika mazungumzo ya kila siku yote hii huitwa “kizazi”. Hapo ndipo alipopotea yule mama wa pili. Alichopimwa kwa siki katika kliniki kilikuwa shingo ya kizazi, yaani mlango wa mji wa mimba. Kipimo hicho ni chema, na kila mama anayestahili hana budi kukiendea. Lakini hakiioni ovari hata kidogo. Vivyo hivyo, chanjo ambayo wasichana wa Tanzania wamekuwa wakipewa nchini kote tangu mwaka 2018 huzuia virusi viletavyo saratani ya shingo ya kizazi. Haikukusudiwa kwa saratani ya ovari. Mwanamke aliyeambiwa “kizazi ni safi” anaweza kuidharau dalili ya tumbo kujaa kwa miezi, akiamini kwamba amekwisha kupimwa kila kitu.

Kasoro ya tatu ni neno “mayai” lenyewe. Likisomwa peke yake darasani halina madhara. Likitajwa pamoja na kuku, msikilizaji haoni yai la uzazi. Anaona yai la kukaanga.

Kuna pia jambo la ajabu kidogo, nalo laonyesha jinsi istilahi inavyoweza kumpoteza hata mtaalamu. Panya mdogo wa maabara, tofauti na mwanamke, ovari yake imefunikwa na kifuko chembamba. Kwa hiyo neno “mfuko”, lisilomfaa mwanamke, lingemfaa panya. Na tofauti hiyo si ndogo kwa mtafiti wa jambo letu: seli zinazopukutika kutoka ovari iliyofunikwa hazina njia nyepesi ya kwenda tumboni kama zile zinazotoka katika ovari iliyo wazi.

Kanuni tuliyoizoea hututaka tutafute kwanza katika Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, ndipo tutoke nje. Kanuni hiyo ni njema, lakini haikusema kwamba neno lenye sura ya Kiswahili lipokelewe hata likipotosha. Neno “ovari” limekwisha kuingia katika vitabu vya shule. Halifanani na kizazi, wala na mfuko, wala na mayai ya kula. Tunapendekeza libaki, na litajwapo mara ya kwanza mbele ya wasomaji wa kawaida liambatane na maelezo: “kiungo kinachokomaza mayai ya uzazi ya mwanamke”.

Mtaalamu ataongeza kwamba hata jina “saratani ya ovari” lina shaka yake. Tangu mwaka 2001 watafiti wamekuwa wakionyesha kwamba saratani nyingi za aina iliyo kali zaidi huanza katika ncha ya mrija wa uzazi, kisha hudondokea ovari. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walichapisha habari za panya waliobadilishwa jeni mbili. Saratani ya panya hao ilianza mrijani, ikafika ovari, ikasambaa tumboni. Waliotolewa mirija mapema hawakuugua; waliotolewa ovari na kuachiwa mirija waliugua. Jina la zamani laendelea kutumika kwa mazoea, na sisi hatuna haja ya kulibadili peke yetu. Lakini mfasiri akijua habari hii hataandika kwamba saratani hii “hutoka” katika ovari kila mara.

“Kuenea”

Neno hili ndilo lililomdhuru mgonjwa wa Bulyaga. Katika Kiswahili, kipindupindu huenea, moto huenea, uvumi huenea. Kuenea ni kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Afisa anapoandika katika taarifa yake “kuenea kwa saratani” hukusudia kwamba wagonjwa wanazidi kuwa wengi. Mfasiri wetu alikusudia jambo la tatu: kutoka sehemu moja ya mwili kwenda sehemu nyingine ya mwili uleule. Neno moja limebebeshwa mizigo mitatu, na msomaji huchukua ule anaoufahamu zaidi, nao ni maambukizi.

Ni kweli kwamba baadhi ya saratani zina uhusiano na virusi vinavyoambukizwa, kama ile ya shingo ya kizazi. Lakini kinachopita ni kirusi, wala si uvimbe. Saratani ya ovari haiambukizwi kwa chakula, kwa mguso, wala kwa kumuuguza mgonjwa. Wala hakuna ushahidi kwamba yai au nyama ya kuku humtia mlaji ugonjwa huu.

Tunapendekeza mizigo hiyo mitatu igawanywe. Kupita kwa ugonjwa kutoka mtu hadi mtu kuitwe “maambukizi”. Kuzidi kwa idadi ya wagonjwa kuitwe “ongezeko”. Na safari ya saratani ndani ya mwili mmoja iitwe “msambao wa mwilini”. Neno “mwilini” lisiachwe katika maandishi ya umma, hata kama linaonekana kurudia.

Wako waliopendekeza “kuhama”. Hatuliungi mkono, kwa kuwa anayehama huondoka alikokuwa, ilhali uvimbe wa kwanza hubaki pale pale. Wako pia wanaotaka kulitohoa neno la kitaalamu kuwa “metastasisi”. Hilo halina kosa katika jarida la waganga, lakini halimwelezi muuguzi wala mgonjwa chochote.

Likabaki swali la kuyapa jina yale mavimbe madogo yanayomea mbali na la kwanza. Mwandishi alikuwa amefikiri “uvimbe chipukizi”, akalitoa mbele ya wale wenyeji wa Bulyaga. Mzee mmoja mkulima alilikataa papo hapo. “Chipukizi la mgomba halijaachana na mama yake,” alisema. “Ukichimba utakuta wameshikana. Haya unayoyasema wewe hayajashikana na kitu. Haya ni maotea.” Maotea ni mimea iotayo yenyewe pasipo kupandwa, kama viazi vilivyosahauliwa shambani ambavyo huja kutokeza katikati ya mahindi. Kila mkulima wa Rungwe anayajua, na anajua kwamba yasipong'olewa huleta hasara. Hatujapata neno lililo bora kuliko hilo. Tahadhari moja tu: litumike kama jina, “maotea ya saratani”, wala tusilirudishe katika kitenzi “kuotea”, ambacho kina maana nyingine kwa wawindaji na kwa wachezaji mpira.

Neno hilo linafaa kwa sababu nyingine pia. Mwaka 1889 Stephen Paget, daktari wa upasuaji wa Uingereza, alipitia kumbukumbu za wanawake zaidi ya 700 waliofariki kwa saratani ya matiti, akaona kwamba maotea hayakutokea ovyo katika viungo vyote. Alilieleza jambo hilo kwa mfano wa mbegu na udongo: mbegu husambazwa pande zote, lakini huota katika udongo uzifaao tu. Karibu miaka mia baadaye, mwaka 1984, David Tarin na wenzake walieleza habari za wagonjwa wenye saratani, baadhi yao wa ovari, waliowekewa mrija wa kuyatoa maji ya tumboni na kuyarudisha katika mshipa wa damu. Seli za saratani nyingi mno ziliingia katika damu yao pamoja na maji hayo, lakini maotea katika viungo vya mbali yalikuwa machache au hayakuwapo. Kufika si kuota. Kwa hiyo istilahi zetu hazina budi kutenga hatua: kupukutika, kuelea, kushika, kumea. Mfasiri anayeziandika zote kwa neno “kuenea” amefuta swali ambalo watafiti wanalitafutia jibu.

“Wanyama wa mfano”

Sasa tumefika katika neno lililo gumu kuliko yote. Mnyama wa aina hii ni kiumbe hai ambaye mtafiti humchunguza ili apate kulijua jambo linalomhusu binadamu. Tumwiteje?

“Mnyama wa mfano” lina maana mbili zinazogongana. Mwanafunzi wa mfano ni yule wa kuigwa. Na mfano wa nyumba ni kinyumba cha ubao. Mnyama wetu si wa kuigwa wala si sanamu. “Kielelezo” ni picha au kitu cha kuonyeshea. “Mnyama wa majaribio” ni jina la kweli lakini pana mno, maana humwingiza hata mnyama anayejaribiwa dawa ya mifugo kwa faida ya mifugo yenyewe. “Kifani” lina ladha nzuri ya Kiswahili, lakini kifani cha kitu ni kilicho sawa nacho. Na hatari kubwa katika utafiti huu ni kudhani kwamba mnyama ni sawa na mwanamke.

Tunapendekeza “mnyama mwakilishi”. Mwakilishi akitumwa kikaoni hapewi roho za waliomtuma, hupewa hoja. Na kila asikiaye neno hili huuliza mara moja: anawakilisha nini? Swali hilo ndilo hasa tunalotaka msomaji aulize. Tunashauri lisiandikwe peke yake, bali litaje jambo linalowakilishwa: “kuku ni mnyama mwakilishi wa jinsi saratani ya ovari inavyoanza yenyewe”. Wanyama wafuatao wanaonyesha sababu ya ushauri huo.

Kuku wa mayai huugua saratani ya ovari pasipo kutiwa na mtu, jambo ambalo ni adimu kwa wanyama wa maabara. T. N. Fredrickson alieleza uvimbe wa ovari za kuku katika makala yake ya mwaka 1987. Kuku hao, wakipita umri wa miaka miwili, huugua kwa wingi unaozidi kadiri wanavyozeeka, na ugonjwa wao husambaa tumboni pamoja na maji, kama wa mwanamke. Sababu inayodhaniwa ni kazi ya kutaga karibu kila siku. Wazo hilo lina asili ya Afrika. Mwaka 1971 Dakta Mahmoud Fathalla wa Misri aliandika katika jarida la Lancet kwamba kutoka kwa mayai ya uzazi mfululizo, bila mapumziko ya mimba na kunyonyesha, huenda kukachangia saratani ya ovari. Tangu hapo imethibitika kwamba wanawake waliozaa, na wale waliotumia vidonge vya uzazi wa mpango, kwa jumla hupatwa na ugonjwa huu kwa uchache zaidi. Lakini uwakilishi wa kuku una mipaka. Ana ovari moja tu itendayo kazi, ya kushoto, wala hana kiwambo cha misuli kama chetu. Kwa hiyo hawezi kutuambia jinsi seli zinavyotua chini ya kiwambo, mahali ambapo kwa mwanamke ni pa kawaida.

Panya hafanani na kuku katika hili. Kwa kawaida haugui saratani hii mwenyewe, hutiwa. Njia moja ni kumtia seli za binadamu. Ili asizikatae, hutumiwa panya asiye na manyoya, ambaye alionekana kwa mara ya kwanza huko Glasgow mwaka 1962, na baadaye ikajulikana kwamba hana tezi ya thaimasi ikuzayo askari wa kinga ya mwili. Mwaka 1969 watafiti wa Denmark waliweza kuotesha uvimbe wa binadamu ndani ya panya wa aina hiyo. Anawakilisha jinsi seli za mtu zinavyoshika na kumea. Hawezi kuwakilisha jinsi kinga ya mwili inavyopigana nazo. Njia ya pili ni kumtia seli za panya mwenzake. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walichapisha habari za seli za ovari ya panya zilizogeuka kuwa za saratani, ambazo zikitiwa tumboni mwa panya wa ukoo uleule huleta maotea na maji, na kinga yake ikiwa hai.

Majaribio ya panya ndiyo yaliyofungua macho kuhusu ule utando wa mafuta tulioutaja. Mwaka 2011 watafiti wa Chicago walionyesha kwamba seli za mafuta za utando huo huziita seli za saratani na kuzilisha mafuta. Mwaka 2014 watafiti wengine wa Marekani waliwaunganisha panya wawili ubavuni hata damu yao ikachanganyika. Mmoja akatiwa saratani ya ovari, na maotea yakaonekana katika yule mwingine, hasa kwenye utando huohuo. Kwa kuwa matumbo yao hayakuunganishwa, njia ilikuwa damu. Jaribio hilo lilisahihisha imani kwamba saratani hii hupita katika majimaji ya tumboni tu.

Utando huo una jina zuri la Kiswahili, nalo ni “kitambi”. Leo wengi hulitumia kwa maana ya tumbo lililotokeza kwa unene, lakini kitambi cha tumbo ni utando wenye mafuta unaofunika matumbo. Tunapendekeza maana hiyo ihuishwe katika tiba kwa umbo kamili, “kitambi cha tumbo”, ili mgonjwa asidhani kwamba anasemwa kwa unene wake.

Katika Afrika Mashariki, utafiti ulio karibu zaidi na huu umefanyika Karen, Nairobi, katika Taasisi ya Utafiti wa Nyani iliyoanzishwa na Louis Leakey mwaka 1960. Huko nyani wamekuwa wanyama wawakilishi wa ugonjwa mwingine, ambao tishu zifananazo na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake, katika uwazi wa tumbo. Ugonjwa huo si saratani, lakini nao una habari ya vitu vinavyotua na kumea tumboni. Nyani jike huingia hedhi kama mwanamke na anaweza kuupata ugonjwa huo mwenyewe. Ndiyo sababu alichaguliwa yeye badala ya panya. Jina la taasisi hiyo nalo lina funzo: utafiti wake unahusu pia jamaa ya nyani na kima kwa jumla, na mfasiri asimfanye kila mnyama wa jamaa hiyo kuwa nyani.

Panya gani?

Kiingereza kina majina mawili tofauti kwa wanyama ambao sisi huwaita wote “panya”. Katika utafiti hao ni wanyama wawili, wasiobadilishana kazi. Msomaji wa Tanzania ana panya wa tatu akilini: panya buku, ambao hufunzwa katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mtu akisikia kwamba “panya wametumika katika saratani”, ni rahisi adhani kwamba wameinusa. Tunapendekeza “panya mdogo” na “panya mkubwa” kwa wale wawili wa maabara, na “panya buku” abaki na jina lake. “Kipanya” lingefaa kwa ufupi, kama lisingekuwa limekwisha kupewa magari ya abiria.

Sentensi iliyotengenezwa upya

Baada ya hayo yote, sentensi ya karatasi ile yaweza kuandikwa hivi: “Ili kujua jinsi saratani ya ovari inavyosambaa ndani ya mwili wa mgonjwa mmoja, watafiti huwachunguza wanyama wawakilishi. Kuku wa mayai huwakilisha jinsi ugonjwa unavyoanza wenyewe. Panya wadogo huwakilisha jinsi seli zinavyoshika na kumea tumboni. Ugonjwa huu hauambukizwi na mtu, na kuku, wala na mayai.”

Ni kweli kwamba sentensi moja imekuwa nne. Mfasiri huogopa kurefusha, kana kwamba analipishwa kwa kila neno. Lakini asili ya Kiingereza iliandikwa kwa watu waliokwisha kujua kwamba saratani haiambukizwi kwa chakula. Msomaji wetu hakuambiwa, na ni wajibu wa tafsiri kumwambia.

Istilahi zinazopendekezwa

Kitambi cha tumbo: utando wenye mafuta unaoning'inia mbele ya matumbo.
Kupukutika: seli za saratani kuachana na uvimbe wa kwanza.
Kushika: seli zilizosafiri kujishikiza mahali papya.
Kumea: seli zilizoshika kuzaliana na kuwa uvimbe.
Maambukizi: kupita kwa ugonjwa kutoka kiumbe kimoja hadi kingine.
Maotea ya saratani: mavimbe yaliyomea mbali na uvimbe wa kwanza.
Mnyama mwakilishi: mnyama hai anayechunguzwa badala ya binadamu kwa jambo lililotajwa.
Msambao wa mwilini: safari ya saratani kutoka sehemu moja ya mwili hadi nyingine ya mwili uleule.
Ongezeko: kuzidi kwa idadi ya wagonjwa.
Ovari: kiungo kinachokomaza mayai ya uzazi ya mwanamke.

Hitimisho

Haya ni mapendekezo ya mwandishi, hayajasanifiwa. Tunawaomba walimu, wauguzi, wafasiri na maafisa wa serikali wayajaribu mbele ya wasikilizaji wao, kisha waliandikie Baraza yale waliyoyaona, hasa mahali ambapo msikilizaji alifahamu kinyume. Neno “maotea” halikutoka katika kamusi wala katika ofisi yetu; lilitoka kwa mkulima aliyesikiliza vizuri. Bila shaka yako mengine kama hayo katika mashamba mengine.

Kuhusu karatasi ya Bulyaga, mwalimu aliinakili upya kwa mkono, akaisoma mara ya pili katika uwanja uleule. Yule mama mfugaji aliuliza maswali mengi zaidi ya mara ya kwanza, na yote yalikuwa ya maana. Alipomaliza, alichukua mayai manne, akayafunga katika kitambaa, akayapeleka kwa jirani yake mgonjwa, wakala pamoja.